Mama wa Namba Nne

...ndama humfuata mama yake, koma, alisema Mwalimu Valerian, na Mbuke akaandika, akaweka koma, akasubiri, maana huyu mwalimu akishasema koma hunyamaza kama aliyesahau alikokuwa anakwenda, anajikuna shavu, anaangalia feni, ndiyo maana ukurasa wake mmoja hula asubuhi nzima, lakini ni mtu mwema, hana makuu, anafundisha baiolojia sekondari ya hapo juu na watoto wanampenda, tatizo ni mwandiko, karatasi aliyokuja nayo imeandikwa kwa kalamu nyekundu na hata yeye mwenyewe inampiga chenga, kwa hiyo huja dukani kwa Mbuke kuchapiwa, anasimama nyuma ya kiti na kusoma kwa mdomo, habari za nyangumi, hebu fikiria, nyangumi hapa Ngokolo, ambako mtu akitaka kuona maji mengi anapanda basi mpaka Mwanza, na hayo nayo ni ya ziwa, lakini Jumamosi shule ina maonyesho ya sayansi na mkuu wa shule amesema safari hii mabango yote yawe ya Kiswahili, mzazi asisimame mbele ya kazi ya mwanawe kama bubu... mwaka mzima wa kwanza, akaendelea mwalimu, ndama humfuata mama yake mwaka mzima wa kwanza, na njia aliyoonyeshwa na mama ndiyo atakayoirudia maisha yake yote, nukta. Njia, akaandika Mbuke, atakayoirudia, na mara akamwona Pantaleo, mdogo wake, mgongo wake ukienda, begi la bluu begani, hakugeuka, Pantaleo hakuwa mtu wa kugeuka akishaaga, alikuwa amechoka kupakua magunia Isaka kwenye malori ya kwenda Rwanda na Kongo, akasema dada, mgongo huu nikiutumia Geita nitatoka na kitu, na mayu, mama yao, akamfungia michembe kwenye mfuko wa rambo, viazi vikavu, kana kwamba Geita hakuna viazi, miaka miwili hiyo sasa, na alikuwa akipiga simu kila Jumapili mchana baada ya misa, kila Jumapili, hata kama ni kusema tu niko hai mama, mpaka Februari ile duara likaporomoka, shimo la dhahabu wanaliita duara, wanaume wanashuka humo kwa kamba na tochi kichwani, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na tangu hapo Jumapili zimekuwa Jumapili tu.

Aya mpya, alisema mwalimu, andika hivi, nyangumi wenye nundu wapo bahari zote, lakini wa kaskazini na wa kusini hawakutani, kwa sababu gani, kwa sababu majira yao yamepishana, wakati wa kusini wanapanda kwenye maji ya joto kuzaa, wa kaskazini wako kwao barafuni wanakula, na hawa wakishuka, wale wameshaondoka, unanipata? Nakupata mwalimu, alisema Mbuke, kama wapangaji wawili wa chumba kimoja, mmoja mlinzi wa usiku, mwingine anauza sokoni mchana, kitanda kimoja na hawajuani sura, na mwalimu akacheka, akasema hiyo ni nzuri, tungeiweka, lakini wazazi wataniona mhuni, endelea, miaka mingi mno imepita hivyo, damu zao zikaanza kuachana kidogo kidogo, mpaka wataalamu wamewagawa nususpishi tatu, wa Pasifiki ya kaskazini, wa Atlantiki ya kaskazini, na wa kusini kote. Nususpishi, akaandika, kompyuta ikalipigia neno hilo mstari mwekundu kama inavyopigia majina yote ya ukoo wao, na Mbuke akauliza kwa kuuliza tu, kwa hiyo si nyangumi mmoja tena? Ni walewale, alisema mwalimu, ni ndugu, ila ukiwapima unaona kabisa huyu wa ukoo huu na yule wa ukoo ule. Baba asingekubali, aliwaza Mbuke, mzee angechukua fimbo, kwake hakukuwa na huyu wa huku na yule wa kule, alikuwa na wake wawili na nyumba mbili ndani ya ua mmoja, watoto tisa, na mtoto aliyethubutu kusema yule ni wa mama mkubwa, au sisi ni wa mama mdogo, siku hiyo alikuwa nayo, alisema hapa mji ni mmoja, nani amewauliza habari za mama, na Mbuke alikuwa na miaka minane alipomwambia Sostenes wewe si wa tumbo letu, kisa kipande cha nyama, na baba akamtoa nje kwenye jua la saa saba, akamzungusha ua mzima, mlango hadi mlango, zizini, ghalani, kisimani, kila mahali asimame atamke Sostenes ni kaka yangu, na mwisho alikuwa hana sauti, na Sostenes mwenyewe alikuwa analia kuliko yeye, akampa ile nyama, Mbuke hakuitaka tena. Wakakua hivyo. Wakala sahani moja, na watu wa kijijini wakawa hawajui nani katoka nyumba ipi, na kwa kweli Mbuke mwenyewe hupita mwaka bila kukumbuka kwamba Sostenes, kaka yao mkubwa, hakuzaliwa na mayu.

Walijuaje, alama ya kuuliza, alisema mwalimu, hapo weka herufi nene, wataalamu wanamfuata kwa mashua, wanamrushia kishale kidogo, hasikii zaidi ya sisi tunavyosikia mbu, na kishale kinarudi na kipande cha ngozi, kidogo kama ukucha. Kidogo kama ukucha, akaandika Mbuke, na kwa Sostenes ilikuwa kijiti chenye pamba, alirudi kutoka Geita Aprili ile akawaonyesha alivyofungua mdomo, wakamsugua shavu kwa ndani, huku na huku, akasema nilidhani watanichoma sindano nikafunga macho bure, mtu mzima wa futi sita, na mayu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Februari, na kijiti hicho kilihitajika kwa sababu maji yalikuwa yamevutwa shimoni wiki tano ndipo wakatolewa watu wanne, na baada ya wiki tano majini hakuna mtu mwenye sura, wote walikuwa na mabuti ya mpira, wote, na huyo wa nne alikuwa na fulana ya kijani ya kampeni, ambayo nusu ya wanaume wa kanda hii wanayo, kwa hiyo wakapewa namba, na ujumbe ukaja kwa kila familia yenye mtu asiyeonekana, aje ndugu mmoja wa karibu. Niende mimi, Mbuke alisema, nimtunze mdogo wangu, na Sostenes akasema wewe bakia na mayu, mwili wa mtoto wa mji huu hauendi kuulizwa na mwanamke wakati mimi mkubwa nipo, na hakusema kwa kiburi, ndivyo ilivyo, mkubwa ndiye husimama, angekuwa baba angesimama baba... Una haraka na herufi nene, alisema mwalimu, zimekufuata mpaka chini, na Mbuke akasema samahani, akazitoa.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo penyewe, alisema mwalimu, akasogeza karatasi kwenye mwanga wa mlango, ndani ya hicho kipande cha ngozi kuna vinasaba, na vinasaba viko vya namna mbili, vipo vya kuchangia, baba nusu mama nusu, na vipo vingine vinavyotoka kwa mama peke yake, koma, baba hachangii hata chembe, nukta. Baba hachangii, akaandika Mbuke, hata chembe, na vidole vikasimama hapo juu ya herufi kama vimeambiwa. Mama peke yake. Alikuwa ameliona mahali hilo neno, si kwa nyangumi, kwenye karatasi nyeupe yenye muhuri, Juni, pale pale kwenye meza hii, Sostenes amesimama alipo mwalimu na mayu amekaa kwenye benchi la wateja amekumbatia mkoba, na yeye Mbuke ndiye msomaji wa familia, barua zote za ukoo hupita kwake, akaisoma kimoyomoyo kwanza, hakuna uhusiano wa upande wa mama kati ya mtoa sampuli na mabaki namba nne, akaona hakuna uhusiano, macho yake yaliruka hayo mengine kama mtu arukavyo dimbwi, akamgeukia mayu akamwambia kwa Kisukuma, si yeye. Basi. Barua ya mistari kumi na moja yeye akaitoa maneno mawili. Na mayu akashuka kutoka kwenye benchi akakaa chini kabisa, sakafuni, miguu imenyooka kama mtoto, akacheka, akalia, akacheka, na Sostenes akatoka nje kujifuta uso ili watu wa bodaboda wasimwone.

Mbuke, alisema mwalimu, tuko wote? Tuko wote, alisema, ila mwalimu, nikuulize, hao nyangumi wakiwa wa baba mmoja lakini kila mmoja na mama yake, hicho kipimo kinasemaje? Na mwalimu akafurahi kuulizwa, walimu ndivyo walivyo, akakaa kwenye lile benchi, akasema kwa kipimo hicho hawajuani kabisa, ni kama umechukua mmoja wa huku na mmoja wa bahari ya kule, vipo vipimo vingine vya upande wa baba, lakini kitu kikishakaa sana majini au ardhini vile vingine huharibika, hiki cha mama ndicho hudumu, hata mifupa ya nyangumi wa miaka mia imepimwa kwa hiki. Niiandike hiyo? Hapana, itawachosha wazazi. Basi Mbuke hakuiandika, na feni ikaendelea kuzunguka, na nje lori likapita na matela yake kuelekea barabara ya Isaka, vumbi likaingia kama kila siku, na ndani ya kichwa chake fomu ile ikafunguka, fomu aliyoijaza yeye mwenyewe kabla Sostenes hajapanda basi, uhusiano wako na anayetafutwa, na Sostenes akasema andika kaka, akafikiri, akasema ongeza wa damu, wasije wakaniona wa mbali, na yeye akaongeza, kwa mwandiko wake mzuri ambao mji mzima unausifia, kaka wa damu, na hakuna uongo hapo, baba alimzungusha ua mzima juani kulisema hilo. Na kule Geita, Sostenes alisimulia mwenyewe kwa majivuno wakila ugali, yule dada wa maabara akamuuliza mama mmoja, baba mmoja? Nikamwambia ndiyo, mama mmoja baba mmoja, sisi kwetu hatuna habari ya mama mwingine, na wote waliokuwepo wakaitikia, umejibu vizuri, umemheshimisha mzee, na mayu aliacha kula, akamshika mkono, akasema asante mwanangu, kwa sababu amemzaa Pantaleo na wasichana wanne na hakuna mtoto wa kiume mwingine wa kumwita hivyo, na yule dada wa maabara angefanya nini jamani, aliuliza, akajibiwa, akapima alichoambiwa, hana kosa.

Kwa hiyo barua ilisema nini, Mbuke akaisoma tena, sasa kwa macho ya ndani, polepole, mstari kwa mstari kama alivyopaswa kuisoma Juni, ilisema namba nne hakuzaliwa na mama mkubwa. Hilo tu. Mama mkubwa, mama yake Sostenes, aliyezikwa zamani kule kijijini, barua ilikuwa inamzungumzia yeye, kwamba yule aliyelala na fulana ya kijani si mtoto wake, na kweli si mtoto wake, nani alisema ni wake. Haikusema si Pantaleo. Haikusema ni Pantaleo pia, tulia, alijiambia, tulia mwanamke, huenda ni mtu mwingine, mashimoni watu wanatoka kila kona ya nchi na hawaandikishwi, ila wale wenzake watatu walipata wenyewe, wakaenda nao kwao, wakalia wakamaliza, na aliyebaki bila mwenyewe ni mmoja, na kwenye mji wao aliyebaki bila kuonekana ni mmoja, na simu yake haipatikani, miezi minane haipatikani, na yeye Mbuke ndiye aliyekuwa akimtungia mayu sababu, kaibiwa simu, kavuka Kongo, mtu mmoja wa Nyahanga si aliapa kamwona machimboni Chunya, amenenepa, na mayu akauliza amenenepa kiasi gani, akataka aonyeshwe kwa mikono. Mungu wangu, amefanya nini. Alitaka kumkasirikia Sostenes hakuweza, akajaribu baba, akaona mzee amesimama zizini na kofia yake, alitaka watoto wake wasibaguane, na hawakubaguana, walipendana mpaka wakampoteza mtoto mmoja katika kupendana huko, na akabaki yeye mwenyewe, msomaji, mwenye mwandiko mzuri, na hapo hasira ikapata pa kukaa.

Na maua. Alikumbuka maua akataka kuinuka. Kwa sababu habari ilikuja Julai kwamba yule wa nne ametafutiwa mwenyewe kakosekana, halmashauri imemzika kule Geita kwenye makaburi yake, ubao umepakwa rangi nyeupe na kuandikwa 4, hakuna jina, na mayu aliposikia aliweka chini ungo wake, akasema maskini mama yake, yuko wapi mama yake sasa hivi, anapika, anateka maji, hajui, na tangu jioni ile kwenye sala yao, wakishamaliza ya Pantaleo, arudi salama, huongeza moja ya mama wa namba nne, Mungu amtie nguvu mama yule popote alipo, na siku ya marehemu wote inakuja na mayu tayari amemwomba Sostenes akienda Geita kwa shughuli zake apitishe maua pale kwenye ule ubao, ya huyo mtoto wa watu, kwa niaba ya mama yake. Miezi mitatu sasa. Kila jioni. Wanapiga magoti kwenye mkeka, Mbuke na mama yake, bega kwa bega, mama anamwombea mama wa namba nne, na Mbuke anaitikia amina na kuwaza juu ya mboga. Alimwonea huruma kabisa mwanamke yule, alikuwa amemchora kichwani, mfupi, wa mbali, pengine Mmanyema, pengine wa Kigoma, hakuwahi hata siku moja kumpa kitenge cha mayu, wala ule mguu wa kushoto wa mayu unaovuta kidogo akipanda ngazi ya mlango.

Tuendelee au umechoka, aliuliza Mwalimu Valerian kutoka kwenye benchi, naona leo mikono mizito, na Mbuke akasema sijachoka, na ilimshangaza kwamba sauti ilitoka ya kawaida. Angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilikuja peke yake na lilikuwa tamu, anyamaze, mayu ana miaka sabini na mbili, presha, anaishi kwa yale maneno mawili, si yeye, ndiyo yanayomwamsha, ndiyo yanayomlisha, amehamia hapa mjini kutoka kijijini ili awe karibu na stendi Pantaleo atakaposhuka, nani ana moyo wa kumwendea mwanamke kama huyo na kumwambia fungua mdomo mama, tupakae pamba, tumuue mwanao upya. Na kule kijijini kuna nafasi kando ya kaburi la baba, karibu na zizi, Pantaleo mwenyewe aliizungushia miiba alipokuwa kijana kwa sababu mbuzi walikuwa wanalala hapo. Na kule Geita kuna ubao. Mvua za mwaka huu zikianza, rangi nyeupe itakaa mpaka lini, aliwaza, halmashauri haitarudia kupaka, na namba nayo itatoka, hapo hata wa kumuuliza atakuwa hayupo, atakuwa ardhi tu, kama wale wa kusini wanaofika maji yakiwa matupu, wenzao wameshaondoka. Hapana, alisema, na akasikia amesema kwa sauti.

Hapana nini, alisema mwalimu. Mwalimu, alisema Mbuke, bila kugeuka, macho kwenye kioo, mama akiwa hawezi kupimwa, labda ni mzee, labda hatakiwi kusumbuliwa, dada anatosha? Dada wa mama mmoja? alisema mwalimu, bado anawaza nyangumi wake, anatosha sana, dada ana kile kile cha mama, hakuna tofauti, ukimpima dada umempima mama. Ahaa, alisema Mbuke. Ukimpima dada. Shavu lake mwenyewe, basi, huku na huku, basi la asubuhi la Geita na jioni amerudi, mayu ataambiwa amefuata wino wa printa, na itakuwa ni yeye au hatakuwa yeye, na safari hii barua ataisoma yote, nukta na koma, kabla hajafungua mdomo. Na Sostenes atamwambia vipi, hilo atalijua njiani, hatasema wewe si wa tumbo letu, alishalisema mara moja akiwa na miaka minane na linatosha. Lakini hayo ni kesho. Leo jua likizama mayu atatandika mkeka, atamwombea mama wa namba nne nguvu popote alipo, na Mbuke atapiga magoti pembeni yake, bega kwa bega, na itambidi aitikie.

Hebu turudi juu, alisema Mwalimu Valerian, akasimama, akaja tena nyuma ya kiti, nisomee tulipoanzia nisikie kama inapita masikioni. Mbuke akapandisha ukurasa mpaka mwanzo, akamsomea, ndama humfuata mama yake, koma.